Kura Moja ya Wakili Whitcomb

Kwa miaka tisa Ansel Whitcomb alikuwa wakili wa benki kule Kansas. Kazi yake ilikuwa kuwatoa wakulima kwenye mashamba yaliyowashinda kulipia, na aliifanya bila kupepesa macho. Majira ya baridi ya 1889 alimpelekea mkulima Gottlieb Amrhein notisi ya kuhama, akamkuta anawasha jiko kwa mahindi makavu, kwa kuwa makaa ya mawe yalikuwa ghali kuliko mahindi.

"Sogea uote moto, wakili," Gottlieb alimwambia. "Hayo yanayowaka ni jasho langu la mwaka mzima."

Ansel alirudi na notisi yake mfukoni. Kesho yake akaacha kazi.

"Sasa tutakula nini?" mkewe Philena alimtania. "Vitabu vya sheria?"

"Uji wa mahindi."

"Kwani siku zote tulikuwa tunakula nini?"

Mwaka uliofuata Chama cha Watu, chama cha wakulima, kilimpeleka bunge la jimbo kule Topeka. Aliandika mswada wa kumwongezea mkulima mwaka mmoja kabla shamba lake halijauzwa. Siku moja kabla ya kura ikaja telegramu: Philena ana homa ya mapafu, njoo.

"Ukiondoka tumekwisha," mbunge mwenzake, Pruitt, alimwambia. "Nimehesabu mara tatu. Treni ya kesho ipo."

Akajibu kwa telegramu kwamba atakuja baada ya kura, akabaki. Mswada ukapita kwa kura moja. Wenzake walimbeba juujuu huku yeye akiuliza saa ya treni.

Drusilla, dada yake Philena, alimpokea mlangoni.

"Ametutoka asubuhi," alisema. "Kila treni ikipiga honi alikuwa anauliza kama ni wewe."

"Ulimwambia habari ya kura?"

"Nilimwambia. Akasema, 'Basi mwacheni.'"

"Kwa hasira?"

"Alikuwa amechoka, shemeji. Sikuweza kujua."

Baada ya miaka miwili mahakama ikaifuta ile sheria. Gottlieb alipoteza shamba, akapakia familia kwenye gari la farasi kuelekea Oklahoma. Alipita kwa Ansel kuaga. Walishikana mikono kwa muda mrefu.

Uchaguzi ulipokaribia, wakulima walikuja kumwomba Ansel agombee tena.

"Tafuteni mtu asiye na mtu nyumbani," aliwaambia.

"Lakini sasa wewe ndiye huyo," mmoja wao aliropoka, kisha akainamisha kichwa.

Ansel hakukasirika. Aliwakaribisha kahawa, wakazungumza habari za mvua, na walipoondoka aliosha vikombe mwenyewe.