Mlolongo wa Daktari Kingori

Wangechi alikuwa binti wa kwanza wa kijiji chao, karibu na Chaka, kufika chuo kikuu. Alisomea siasa na utawala, na mhadhiri aliyemheshimu kuliko wote alikuwa Daktari Kingori, mtu wa kwao. Kingori ndiye aliyewafundisha kwamba serikali ni mtumishi, na mtumishi huulizwa maswali.

Wangechi akauliza. Mwaka wa 1985 alisimama mbele ya mkutano wa wanafunzi, akataka kujua kwa nini wenzao wamefukuzwa. Naye akafukuzwa. Kingori alipoitwa kumtetea, alisema tu, "Msichana huyu simjui vizuri."

Akarudi nyumbani, akawa anauza kabeji sokoni Karatina. Wenzake walimbandika jina la Digirii.

Uchaguzi wa 1988 ulipofika, Kingori alirudi na suti mpya, akigombea ubunge. Mpinzani wake alikuwa Mzee Mutahi, mwalimu mstaafu. Hapakuwa na karatasi za kura. Kila mtu alipanga foleni nyuma ya anayemtaka. Foleni ya Mutahi ilizunguka uwanja wa shule ikatokea barabarani. Ya Kingori haikuvuka hata goli.

Msimamizi akatangaza: Kingori ameshinda.

Wangechi peke yake akapaza sauti. "Daktari! Hebu angalia nyuma yako. Watu wako wako wapi?"

Kingori alimsogelea, akamwambia kwa upole, "Wangechi, ulikuwa mwanafunzi mzuri. Lakini somo hukulielewa."

Askari wakamkamata. Seli ilikuwa na maji sakafuni, na walipomwachilia, bila mashtaka, jicho moja lilikuwa limevimba halifunguki. Njiani alijipa moyo kwamba atakuta kijiji kimechemka kwa hasira.

Alikuta nyumba zimefungwa. Watu wote walikuwa wamekwenda kwenye sherehe ya mbunge. Jioni mama yake akarudi na nyama iliyofungwa kwenye gazeti.

"Hata wewe, mama? Si ulisimama nyuma yangu kwenye foleni ya Mutahi?"

Mama alilitazama lile jicho. "Nilisimama. Kura imeenda. Sasa unataka hata nyama iende?"

Akaweka nyama mezani, akaenda kuchemsha maji ya kumkanda. Wangechi alikuwa na njaa. Akala. Ilikuwa tamu, na akaichukia kwa utamu wake, akaendelea kula mpaka ikaisha.