Karani wa Ghala la Mombasa

Honorata, mzaliwa wa Bukoba, aliishi peke yake Laurel, mji mdogo wa Marekani. Kila asubuhi aliendesha gari hadi mji jirani wa Columbia, kwenye kampuni binafsi ya watu sita ambayo mawakili waliikodi kufuatilia bidhaa zilizofika nchi zilizowekewa vikwazo. Alikuwa ametia saini kutunza siri, hivyo hata kanisani hakuna aliyejua kazi yake.

Mwaka 1998 pampu za kiwanda kimoja cha Marekani zilionekana Sudan, ambako Wamarekani walikatazwa kuuza. Karatasi zilisema zimeuzwa Mombasa, na mawakili wa kiwanda walitaka kujua zilivyofika huko.

"Wewe unajua lugha yao," mkuu wake alimwambia. "Piga simu."

Simu ilipokelewa na Kibet, karani wa ghala la mnunuzi huko Mombasa.

"Kumbe Amerika kuna watu wetu!" alisema kwa furaha.

Honorata alijieleza kwamba anauliza kwa niaba ya kiwanda. Ilikuwa kweli, ila hakusema zaidi. Walizungumza wiki tatu. Kibet aliuliza habari za theluji, na kama ndizi za kupika zinapatikana huko. Siku moja alimsikia Honorata akikohoa. Kesho yake, kabla ya yote, aliuliza habari za kikohozi. Laurel nzima hakuna aliyekuwa ameuliza.

Kisha akasema, bila wasiwasi wowote, "Dada, hizo pampu hazikukaa hapa. Zilipandishwa meli ingine, zikaenda Port Sudan. Nikutumie karatasi kwa faksi?"

Faksi ilipofika, mkuu alimpa Honorata mkono.

"Weka jina lake kwenye ripoti."

"Niandike karani tu, asije akafukuzwa."

"Mawakili wanataka jina."

Akaliandika. Asubuhi iliyofuata alivunja ahadi yake ya kutunza siri, akampigia Kibet na kumweleza yote.

"Kwa hivyo siku zote ulikuwa kazini," alisema Kibet.

"Si siku zote, Kibet."

Kibet akaweka simu chini.

Mawakili walipeleka ripoti serikalini, kiwanda kikaachana na mnunuzi wa Mombasa. Honorata alipiga tena mara mbili. Sauti nyingine ilijibu, "Hayupo," basi.

Jumapili, baada ya ibada kanisani huko Riverdale Park, Edna, muuguzi aliyezoea kukaa naye benchi moja, alimshika mkono.

"Mbona umepoa hivyo? Umefiwa?"

"Hapana, ni kazi tu."

"Kazi gani hiyo, mwenzangu?"

"Ya ofisini," Honorata alijibu, akaanza kufunga vifungo vya koti.