Kasuku wa Afande

"Mama Acen, wale ndege wa Afande watachinjwa lini?" Juliet, jirani yangu hapa Luzira, kando ya ziwa, aliniuliza siku moja, akicheka. Afande ni askari magereza mstaafu, na kasuku wake wawili wana ugonjwa wa virusi usiopona. Manyoya yao huota yamepinda, kisha hudondoka. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia ziwa, huwapangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, polepole, huku akiwaimbia Kiacholi kwa sauti ya chini, nao hufumba macho. Mimi nikienda misa husimama pale nikajisahau, kama niko ndotoni.

Jumapili Juliet alimletea kinda wa kasuku, labda kufuta utani wake. "Afande, huyu ana manyoya yote!" Mikono mikubwa ya Afande ikarudi nyuma ya mgongo. "Mwanangu, mwondoe upesi! Wangu watamwambukiza." Akabaki mlangoni akimtazama yule kinda hadi Juliet alipotoweka naye njiani. Jana alikuja kwangu, kofia mkononi. "Mama, kesho nalazwa, nipasuliwe moyo. Nisiporudi, naomba uwachukue. Usiwatenganishe."