Simu ya San Crispín Haishikwi Kabla ya Mlio wa Tano

Saa moja na robo asubuhi simu inalia, na doña Eufrosina Bautista ananyanyua kidole kimoja juu kama mwalimu wa darasa la kwanza. Watu waliomo chumbani mwake wanafunga midomo papo hapo. Hata aliyekuwa anakunywa kahawa anabaki nayo mdomoni.

"Moja," anahesabu kwa kunong'ona. "Mbili. Tatu."

Simu inanyamaza. Sekunde kumi zinapita, inalia tena mara mbili, kisha kimya.

"Tatu-mbili. Abundia huyo," anasema, na tayari mkono uko kwenye swichi ya tarumbeta la kipaza sauti lililofungwa juu ya paa. Sauti yake inapasua bonde zima la San Crispín Yucuyaa: "Doña Abundia! Mwanao wa kwenye mashamba ya nyanya anapiga baada ya dakika ishirini! Waache hao mbuzi, shuka!"

Watu wanarudia maongezi yao. Mwanamke mmoja tu, aliyekaa kwenye benchi la ukutani, harudii lolote. Anainamisha macho kwenye ukili wa kofia anayoisuka na vidole vinaendelea.

Huyo ni Zenaida Hilario. Milio yake ni tatu-tatu. Leo ni siku ya kumi na moja anaisubiri.

Eufrosina ana miaka arobaini na saba, na kwa miaka kumi na minne ameshika simu pekee ya kijiji hiki cha milima ya Mixteca, jimbo la Oaxaca, nchini Mexico. Mtandao wa simu za mkononi haujafika huku. Anayetaka kusikia sauti ya mtu wake aliyeko kaskazini, kwenye mashamba ya Wamarekani, lazima apitie chumba hiki chenye benchi moja, kalenda ya mwaka jana na simu ya rangi ya maziwa.

Kwa kila simu inayoingia analipwa peso tatu. Siku za kazi hapati zaidi ya peso ishirini. Jumapili, vijana wakipumzika, anafikisha sitini.

Walioko kaskazini hupiga kwa kadi za kukwangua, zile zenye picha ya tai. Kadi ya dola tano imeandikwa dakika mia. Ukipata arobaini, washa mshumaa kanisani. Simu ikishikwa tu, hata kwa neno moja, dakika tatu zimeliwa kabla hujasalimia.

"Zamani mtu alipiga, nashika, ananiambia niitie mama, anakata, anapiga tena," anasimulia Eufrosina. "Ameliwa mara mbili. Mama akichelewa njiani, ameliwa mara tatu. Wakasema, hapana, huu ni wizi. Ndipo tukaanza kubipu."

Kila nyumba yenye mtu kaskazini ikapewa milio yake. Ziko nyumba thelathini na moja, na nyingine milio yake ina sehemu tatu. Hata mwandishi wa makala haya, anayeishi hapa mwaka wa tisa sasa, ana ya kwake: mbili-moja, ya dada yake. Ukipiga ukakata kabla hajashika mtu, kadi hailiwi hata senti. Eufrosina anahesabu, anatangaza, familia inashuka. Baada ya dakika ishirini simu inapigwa tena; ikilia hadi mlio wa tano, familia yenyewe inanyanyua na maongezi yanaanza hapo hapo.

Kwa hiyo sheria ni moja, na mtoto wa miaka minne anaijua: simu ya San Crispín haishikwi kabla ya mlio wa tano.

Odilón, mtoto wa Zenaida, ana miaka ishirini na mbili. Aliondoka siku kumi na moja zilizopita na kundi la watu sita kuvuka jangwa la mpakani. Safari ni siku nne, tano ukiwa na mkosi. Alimwahidi mama yake kwamba akifika tu, kabla hata ya kunywa maji, atabipu tatu-tatu. Aliyewavusha amezima simu yake.

Tangu siku ya tano Zenaida anafika hapa kabla jua halijatoka. Amesuka kofia tisa. Kila simu ikilia, midomo yake inahesabu, na kila ikipita mlio wa tatu au ikakatika kabla yake, mabega yanashuka. Kumtazama kunachosha.

Mchana, Zenaida akiwa ametoka nyuma kunawa uso, Eufrosina anafunga mlango na kuzungumza kwa sauti ambayo tarumbeta halijawahi kuisikia.

"Nina jambo linanila," anasema. "Alhamisi iliyopita, mchana, simu ililia mara nne. Ikanyamaza. Nikasubiri sehemu ya pili, haikuja. Nne peke yake kwetu si ya mtu. Nikasema mtu amekosea nambari. Ijumaa, saa ileile, mara nne tena. Mkono wangu ulikuwa hapa." Anaonyesha umbali wa shubiri moja kutoka kwenye simu. "Sikushika. Zenaida alikuwa amekwenda kula. Sijamwambia."

Anafuta meza ambayo haina uchafu.

"Mtu wa hospitali anajua nini habari ya tatu-tatu? Polisi je? Odilón ni mtoto wangu wa ubatizo, mimi ndiye niliyemshika kwenye beseni la maji. Na mimi ndiye niliyemwachia simu ilie."

Mlango unasukumwa. Zenaida amesimama pale, maji yanamchuruzika kidevuni. Amesikia yote.

"Milio minne," anasema.

"Komadre, sikiliza..." anasema Eufrosina, kwa jina wanaloitana mama mzazi na mama wa ubatizo.

"Na wewe umekaa hapohapo ulipokaa."

"Nimekaa hapa."

"Siku tano unanipa kahawa, unanitazama usoni, na umelinyamazia!" Ukili umemdondoka chini na hauokoti. "Washa hilo tarumbeta lako, Eufrosina. Usiniombe msamaha. Washa."

Eufrosina anawasha. Bonde lote linasikia kwamba kuanzia sasa simu itashikwa kwenye mlio wa kwanza, usiku na mchana, hadi Odilón Hilario apatikane. Asiyetaka kuliwa dakika zake asipige.

Haupiti muda don Taurino anapanda ngazi akihema. Binti yake anachuma stroberi California na hupiga kila Jumapili.

"Umeingiwa na wazimu? Mtoto wangu anainama shambani tangu alfajiri apate hiyo kadi, wewe unataka kumlia dakika tatu za bure!"

"Ndiyo, nitamlia."

"Hiyo simu ni ya kijiji!"

"Na Odilón ni wa nani, don Taurino? Wa kijiji cha jirani?"

Mzee anamwona Zenaida kwenye benchi, anavaa kofia yake na kushuka. Lakini haendi kimya. Manung'uniko yake yanasikika hadi kwenye kona ya kanisa.

Jumapili inafika na ni vita. Eufrosina ameuweka mkono juu ya simu tangu asubuhi. Anakula tortila za mahindi na maharage kwa mkono mmoja. Simu ikilia tu, anaitikia kwa haloo ya Wamexico:

"Bueno!"

"Aa! Shangazi, mbona umeshika? Nilikuwa nabipu!"

"Nimeshika makusudi. Odilón wa Zenaida umemwona?"

"Dakika zangu, shangazi, jamani!"

"Zimeshaliwa, hazirudi. Umemwona au hukumwona?"

Hakumwona. Wa pili hakumwona. Wa tatu anatukana kwanza, kisha anauliza alivaa nini. Zenaida anajibu kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya juu, shati la kijani, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Wa saba anapiga akiwa ameshauliza kambi nzima ya wachuma nyanya. Binti wa don Taurino anapiga na hata hamuulizii baba yake. Anataka kujua kama kuna habari.

Simu ishirini na sita hadi jioni hiyo. Zote zimeshikwa kwenye mlio wa kwanza, na zote hazina jibu. Zenaida anakwenda nyumbani bila kumuaga Eufrosina. Tangu siku aliyosikia habari ya milio minne hajamwita komadre tena.

"Nimemzoea akinigombeza," anasema Eufrosina. "Huku kunyamaza kwake ndiko kunaniua. Na moyoni najiambia, ile milio minne haijalia tena tangu Ijumaa ile. Waliokuwa wanapiga huenda hawana tena sababu ya kupiga."

Jumatatu inapita hivyohivyo.

Jumanne, saa kumi na dakika kumi jioni, simu inalia. Haijamaliza mlio wa kwanza.

"Bueno!"

Ni mwanamke. Kihispania chake kinachechemea. Anasema, "Loo! Kuna mtu!" Kisha anaanza kueleza haraka. Yeye anasaidia kwenye nyumba ya kanisa karibu na mpaka. Wanaye kijana aliyeokotwa jangwani, mguu umevunjika, siku za kwanza alikuwa na homa kali, anaweweseka, hakujua hata jina lake. Ndani ya soksi walikuta kadi ya simu na karatasi yenye nambari hii.

"Nilipiga wiki ile mara mbili. Ililia mara nne nikakata. Kwetu simu ikifika mara nne ujue hakuna mtu nyumbani."

Eufrosina anafumba macho.

"Yuko hai?" anauliza, na vidole vya Zenaida, ambavyo havijawahi kusimama kwa wiki mbili, vinasimama.

"Yuko hapa. Leo ndiyo ametambua karatasi. Zimebaki dakika chache kwenye kadi yake, nampa."

Inasikika mikwaruzo, kisha sauti nyembamba. "Mama wa ubatizo? Usinitangaze kwenye tarumbeta, tafadhali. Naona aibu. Watanirudisha nyumbani."

Eufrosina ananyoosha mkono wa simu hadi waya unakaza, na Zenaida anaupokea kwa mikono miwili. Muda mrefu hasemi kitu. Dakika zinaliwa, kila mtu chumbani anajua zinaliwa, na hakuna anayemhimiza.

"Umekula?" anauliza mwishowe.

Hatusikii jibu. Tunaona tu anavyotikisa kichwa kukubali, mara nyingi, hata baada ya simu kukatika.

Anairudisha mahali pake mwenyewe. Kisha anakaa, si kwenye benchi bali kwenye ukingo wa meza ya Eufrosina, na wanalia wote wawili kwa kelele bila kuoneana haya.

"Arudi na mguu mmoja," anasema Zenaida, "lakini arudi. Haya komadre, nipe hiyo kahawa."

Jumapili iliyofuata kijiji kinakutana uwanjani. Don Taurino anampongeza Zenaida kwa dhati, anamletea hata jogoo, kisha anasimama kudai milio irudi kama zamani. Binti yake, anasema, wiki hii amezungumza naye dakika kumi na moja tu. Wengi wana mtu kama binti huyo. Mikono inanyanyuliwa, na milio inarudi. Zenaida mwenyewe hakunyanyua mkono upande wowote. Odilón akipona atajaribu tena kuvuka, naye pia atanunua kadi.

Eufrosina hakubishana. Ana mpango wake: kuanzia mwezi ujao ataweka kando peso kumi kila Jumapili, apate laini ya pili. Moja ibaki ya kubipu. Nyingine, ambayo nambari yake itashonwa ndani ya nguo ya kila anayeondoka, ishikwe mara tu inapolia. Kwa hesabu yake itachukua miaka mitatu.

Anapoeleza hayo chumbani mwake, simu inalia, na kidole kinakwenda juu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Kimya. Eufrosina anaitazama simu, mkono ukiwa hewani, akisubiri sehemu ya pili. Dakika nzima inapita na haiji. Doña Abundia, ambaye amekuja kusubiri simu ya mwanawe, anashusha kikapu chake chini polepole.

"Natamani siku moja ilie tu niishike," anasema Eufrosina, "kama watu wengine."