Uzi wa Kutoka Unguja

Siku ya arusi yangu nilifanya jambo ambalo shangazi hakunisamehe mpaka anaingia kaburini: nilipaza sauti chumbani, na wakwe wamekaa barazani. Sijutii hata chembe.

Baba alikuwa amekwisha fariki, na wa kuniozesha alikuwa baba mkubwa, fundi cherehani wa Unguja. Asubuhi ile ikaletwa simu ya maandishi: meli imeharibika, atapanda ndege ya saa nane mchana. Kisarawe tulizoea kuziona ndege zikishuka kuelekea uwanja wa Dar es Salaam, lakini hakuna wa kwetu aliyewahi kuzipanda.

Baba yake bwana arusi alikuwa amekuja na watu wake kutoka Mlandizi kwa lori la kukodi. Aliposomewa ile simu, alicheka.

"Meli inakula nusu siku. Hiyo ndege basi ipunguze, iwe robo siku. Si usiku huo! Tukisali alasiri hajafika, tunapanda lori letu."

Wote wakaafiki, hata wa kwetu. Nami nilijua wakiondoka hawarudi, maana kulikuwa na binti mmoja wa kijiji cha Gwata waliyekuwa wakimtazamia kijana wao tangu zamani. Nilimpenda yule kijana. Nasema wazi, nimeshazeeka, aibu ya nini?

Nilikuwa bado na kitabu changu cha jiografia cha shule. Nikachomoa uzi kwenye pindo la kanga, nikaunyoosha juu ya ramani kutoka Unguja mpaka Dar es Salaam, kisha nikaulaza kwenye mstari wa maili. Hazikufika hamsini. Mwalimu alitufundisha kuwa ndege inakwenda maili mia na zaidi kwa saa. Nusu saa tu! Bahari haikunitisha tena. Kilichonitisha ni kilima cha Pugu, kati ya uwanja na kwetu, ambacho magari yalikipanda yakikohoa. Nikakipa saa nzima.

"Shikamoo, baba," nikaita nyuma ya pazia.

"Marahaba," akajibu mkwe, kama asiyeamini masikio yake.

"Angani nusu saa, barabarani saa moja. Adhana ya alasiri itamkuta Kisarawe."

Shangazi alinifinya, kovu ninalo.

Adhana ikaanza, baba mkubwa hayupo. Wanaume wakaenda msikitini, na dereva wa lori akaanza kukagua magurudumu. Yaliyofuata nilihadithiwa na mume wangu. Sala ilipokwisha, baba yake aligeuka kumpa mkono jirani yake wa kushoto, akajikuta ameshikana mikono na baba mkubwa! Gari lilimshusha adhana ikiendelea, naye akapitiliza kutawadha.

"Sijakaa vizuri kitini, tunaambiwa tushuke," akasema. "Kilichonichelewesha ni hiki kilima chenu."

Nikaozwa hapo hapo. Kigelegele kirefu kuliko vyote kilikuwa cha shangazi, yule yule mfinyaji. Nami nililia kwa furaha bila kujificha.

Jioni nikapandishwa lori, mbele, karibu na mkwe. Tulipokwisha teremka Pugu akanitazama kwa pembe ya jicho.

"Haya, binti wa ramani. Tutafika saa ngapi?"

Nikatazama jua, nikatazama barabara.

"Isha itatukuta nyumbani, baba."

Nilisema nyumbani, na hakuna aliyenisahihisha.