Bwana Yangu Aliitwa Mgonjwa, Mimi Nikaitwa Malaya

Ficheni jina langu, lakini hasira yangu muiache vile iko. Niko na miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, nauza mitumba hapa Bondeni, Nakuru. Bwana yangu anafanya kazi kwa mitambo ya stima kule Olkaria, huja nyumbani wikendi.

Tulikuwa tunakunywa pamoja. Chupa moja ya pombe kali, glasi mbili. Akienda kazini namalizia iliyobaki, halafu nanunua ingine. Mwaka jana, 2007, sote tukaanza kuumwa na tumbo, tukaenda kliniki siku moja. Daktari akaanza na yeye.

"Mzee, unakunywa?"

"Kidogo tu."

"Kidogo ni ngapi?" Akamkazia mpaka akasema ukweli. Akapimwa ini, akapewa siku ya kurudi, akatafutiwa kikundi cha watu wanaoacha pombe.

Ikafika zamu yangu. Mikono inatetemeka, nimeifinya katikati ya magoti. Hakuniuliza. "Mathe, hii ni vidonda vya tumbo na mawazo. Hawa mabwana walevi wanawamaliza."

Nikajikaza. "Daktari, hata mimi nakunywa."

Akacheka! "Kuonja na mzee si kunywa. Wewe msaidie aache."

Nilirudi mara mbili zaidi. Dawa za tumbo, dawa za usingizi, basi.

Bwana aliacha, na nilifurahi, sikatai. Mimi nikashindwa, nikawa nakunywa nimejifungia chooni kama mwizi. Mwezi uliopita akapata chupa ndani ya gunia la nguo. Nikamlilia anipeleke nisaidiwe vile yeye alisaidiwa. Akanijibu mbele ya watoto, "Mimi nilikuwa mgonjwa. Wewe daktari alikuangalia na hakupata kitu. Mwanamke akilewa, huo ni umalaya."

Sasa Jumapili hii anatoa ushuhuda kanisani, na anataka nisimame kando yake nisifiwe kama mke aliyevumilia mlevi. Nikikataa, amesema nitarudi kwetu bila watoto. Na yule daktari bado amekaa pale kliniki, wanawake kama mimi wanapita mbele yake na haoni kitu.

Msiniambie niombe, nimeomba hadi magoti yakachubuka. Na mwenye anataka kunitukana apite tu, nyumbani nimetukanwa ya kutosha. Nisimame niseme mbele ya wote kwamba mlevi ni mimi, ninyang'anywe watoto wangu? Ama nisimame nitabasamu huku naendelea kufa? Jumapili imebaki siku tatu. Nishaurini, mimi nifanye nini?