Karanga za Mayu Kabula

Miaka kumi na nane nimeandika habari hapa Shinyanga, na sijawahi kuaibika kama wiki iliyopita. Siku hizi mhariri hataki habari, anataka kasi. "Wenzako wa mitandaoni wameshaweka, wewe uko wapi?"

Nilikuwa nje kidogo ya Maganzo, kwa Mayu Kabula, yaani Mama Kabula kwa Kisukuma, mjane ambaye shamba lake la karanga linasemekana lina almasi chini. Alinieleza kwa Kisukuma, tena kirefu. Mimi ni Msukuma wa jina tu, nimekulia mjini, mtaa wa Kambarage, basi nikawa naitikia kwa kichwa. Mhariri alipopiga simu mara ya tatu, nikaiagiza akili mnemba iniandikie: mjane, almasi, shamba. Ikaandika vizuri kunishinda, ikamtungia na maneno Mayu: "Nawakaribisha wachimbaji wote." Nikatuma hivyo hivyo.

Kesho yake mtendaji wa kijiji akaniita. Nikakuta wanaume wenye sululu wamejaa kwenye karanga, habari yangu iko kwenye simu zao.

"Mwandishi, haya Mayu alikuambia?" mtendaji akauliza.

"Ndiyo... kwa ufupi."

Binti yake Mayu akamtafsiria. Mama wa watu akajibu maneno machache, akinikazia macho.

"Mama anasema alikuomba uandike kwamba mtu yeyote asikanyage shamba lake," binti akatueleza. "Anauliza, kama hukuelewa, ulikuwa unaitikia nini?"

Wachimbaji wote wakanigeukia.